Ainisho la Awali la Wosia Uliobadilishwa, Pamoja na Maelezo ya Tabia na Makazi Yake

Wataalamu wa samaki wamekwisha kumwainisha changu, tasi, kolekole na nguru, na kila mmoja amepewa ukoo wake na jina la Kilatini asilolijua. Wanaisimu wamezipanga nomino zetu katika ngeli, na kwa kuwa hawajakubaliana ngeli ni ngapi, wamejihakikishia ajira mpaka kustaafu. Lakini wosia uliobadilishwa baada ya kuandikwa, kitu chenye uwezo wa kuwafanya ndugu wa tumbo moja wapishane sokoni bila salamu, mpaka leo hauna mwainishaji. Makala haya yanakusudia kuanza kuliziba pengo hilo. Taaluma yenyewe tutaiita wosialojia, mpaka BAKITA watakapotuita kutuonya.

Wosialojia ina shida moja ya kimbinu ambayo wenzetu wa sayansi za jamii hawana: mtoa taarifa mkuu hapatikani kwa mahojiano. Data inapoanza kupatikana, yeye ameshazikwa. Ndiyo maana kazi ya uwandani hufanyika baada ya arobaini, au baada ya matanga kuanuliwa, ukoo unapoketi kikao na mtu mmoja anapotoa bahasha. Mtu huyo ana sifa zake. Tangu siku ya mazishi alikuwa mkimya kuliko wafiwa, begi lake hakuliweka chini hata alipokuwa anakula, na kila alipoulizwa marehemu aliacha maagizo gani alijibu kwamba tuwasubiri watu wa mbali. Mtafiti mzoefu humwekea alama mapema na kuketi karibu naye.

Dhana iliyotawala, hasa miongoni mwa mawakili, ni kwamba wosia hubadilishwa kwa kuwa mali imebadilika. Shamba limeuzwa, nyumba imeongezwa vyumba, ng'ombe wamezaa au wamekufa. Basi mwosia hukaa akalinganisha karatasi na hali halisi. Ni nadharia nzuri, na tungependa siku moja kukutanishwa na mtu aliyeifuata. Mali ya mwosia wa kawaida, yaani nyumba ya vyumba vinne, kiwanja chenye mgogoro wa mpaka na pikipiki ambayo kwa kweli ni ya mtoto anayeiendesha, hukaa vilevile miaka kumi. Kinachobadilika upesi ni nani alipiga simu sikukuu iliyopita na nani hakupiga. Dai kuu la makala haya ni kwamba anayebadilisha wosia huwa anasahihisha watu. Mali anaitumia kama kalamu. Ushahidi utafuata, ingawa si kwa mpangilio ambao chuo kikuu kingeukubali.

Tuanze na aina iliyo rahisi kutambulika kwa macho, Wosia Pembezoni. Makazi yake ni ukingo wa karatasi, nafasi kati ya mistari, na nyuma ya ukurasa wa mwisho. Hutokea pale mwosia anapoona kwamba kuandika upya ni gharama, na kuwaita mashahidi ni kuwalisha. Anachukua kalamu iliyo karibu, anapiga mstari juu ya jina moja, anapachika jingine kwa juu, kisha anachora mshale. Mshale ndio alama bainifu ya aina hii. Mshale uliokomaa hutoka kwenye shamba la mahindi, ukapita juu ya cherehani, ukaishia kwa binti wa pili, na wasomaji wake hugawanyika papo hapo kuwa madhehebu matatu: wanaosema binti kapewa shamba, wanaosema kapewa cherehani, na binti mwenyewe, anayesema vyote viwili.

Spishi zake ndogo hutofautishwa kwa chombo cha kuandikia. Tamko la sheria za mila la Tanganyika, lililotolewa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, liliiona hatari hii mapema. Lilitaka wosia wa maandishi uandikwe kwa wino usiofutika au upigwe chapa, na likaikataza kalamu ya risasi. Waandishi wa tamko lile wanastahili kuhesabiwa waasisi wa fani yetu. Walifahamu kwamba penseli ni chombo cha mtu ambaye hasira yake bado iko kwenye majaribio. Wakenya, katika Sheria ya Urithi, Sura 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, waliishika ncha nyingine ya jambo hilohilo: kufuta, kuchomeka maneno au kubadili chochote baada ya wosia kutiwa saini ni kazi bure, isipokuwa badiliko lenyewe litiwe saini na kushuhudiwa kama ilivyofanyiwa wosia wote. Saini zinaweza kukaa pembeni, mkabala na badiliko. Mshale peke yake hauna hadhi kisheria.

Kielelezo mashuhuri kuliko vyote cha Wosia Pembezoni kimehifadhiwa Uingereza, nacho ni cha William Shakespeare. Wosia wake una kurasa tatu. Tarehe yake ilianza kwa mwezi wa Januari 1616, Januari ikakatwa, ikaandikwa Machi. Kati ya miezi hiyo miwili binti yake Judith alikuwa ameolewa, na mkwe mwenyewe akaingia katika kashfa ya mwanamke mwingine. Kwenye karatasi mtu anaona palipokuwa pameanza kuandikwa mkwe, pakakatwa, likawekwa jina la Judith. Kisha, kati ya mistari, kwa maneno yaliyobanwa kama abiria wa daladala, mke wa marehemu akaachiwa kitanda cha pili kwa ubora. Wasomi wamegombana kuhusu kitanda hicho kwa karne kadhaa, wengine wakikiona tusi, wengine mapenzi. Wosialojia haina msimamo juu ya kitanda. Inachotaka kionekane ni kwamba kati ya Januari na Machi mali ya mzee yule haikubadilika kwa kiasi cha kutajika, ila alikuwa amepata mkwe.

Wosia Mdomo huzaliwa kitandani. Mazingira yake ni chumba cha mgonjwa, dirisha nusu wazi, uji unaopoa, na mgeni mmoja aliyebaki peke yake na mgonjwa wakati wengine wametoka kuswali au kupokea simu. Mgeni huyo baadaye huwa chanzo pekee cha habari. Alinishika mkono, atasema, akaniambia ile nyumba ya uani tumwachie shangazi. Ukimuuliza nani mwingine alisikia, utaambiwa marehemu alikuwa akiongea kwa sauti ya chini sana.

Sheria ya 1963 ilimjua mgeni huyo. Wosia wa mdomo inautakia mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na inasema wosia wa maandishi haufutwi kwa wosia wa mdomo. Kilichoandikwa mezani hakitenguliwi kitandani. Kenya nako ni hivyohivyo, na wameongeza sharti linalomfanya mtafiti asijue acheke au anyamaze: wosia wa mdomo, uliotamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, una nguvu tu iwapo mwosia atafariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke. Askari na mabaharia walio kazini wamewekewa utaratibu wao. Sisi wengine, tukipata nafuu, maneno yetu yanachakaa yenyewe. Athari ya kanuni hii kwa familia haijachunguzwa inavyostahili. Mtu aliyeahidiwa nyumba mwezi Machi, kisha mwezi Julai akamwona aliyeahidi akitembea na mkongojo kwenda kununua gazeti, anatakiwa kumshukuru Mungu kwa sauti, na si kila mtu ana sauti hiyo.

Kuhusu wagonjwa wanaopona, kisa cha zamani kinachofaa ni cha Saad bin Abi Waqqas. Sahaba huyu aliugua Makka wakati wa Hija ya Kuaga, akadhani hatainuka. Alikuwa na binti mmoja wa kumrithi, akaomba ruhusa kwa Mtume atoe theluthi mbili za mali yake. Akakataliwa. Akaomba nusu, akakataliwa. Theluthi moja akakubaliwa, na akaambiwa kwamba hata hiyo ni nyingi. Mpaka huo ndio kadhi wa Unguja au Mombasa anaoufuata hadi leo. Wasimuliaji wengi huishia hapo, na wanaacha sehemu inayotuhusu sisi: Saad alipona, akaishi miongo kadhaa, akaongoza jeshi huko Kadisiya, na akapata watoto wengine wengi. Mpango alioupanga akiwa na mrithi mmoja ungemkuta na nyumba iliyojaa. Theluthi ilikuwa inawalinda watu ambao hawajazaliwa.

Na kwa kuwa tumeshaingia pwani, tutulie hapa kidogo, maana ndipo ilipo aina ambayo mwandishi anaiona nzuri kuliko zote, Wosia Kitendo. Hii haina karatasi ya pili, haina mshale, wala haina mgeni aliyeshikwa mkono. Mwosia anaubatilisha wosia wake kwa kufanya jambo, wakati mwingine bila kufumbua kinywa.

Fiqhi ya Shafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, imeliendeleza suala hili kwa umakini ambao sheria zetu nyingine hazijaufikia. Katika Minhaj, kitabu cha Imam Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kitabu kilichosomeshwa na masheikh wa pwani hii vizazi kwa vizazi, kuna orodha fupi ya vitendo vinavyohesabiwa kuwa ni kuurejea wosia. Ukimuusia mtu ngano kisha ukaisaga, au ukaipanda, umerejea. Ukimuusia unga kisha ukaukanda, umerejea. Pamba ukiisokota uzi, uzi ukiufuma, kitambaa ukikikata shati, kiwanja ukikijenga au ukipanda miti juu yake: kote huko umerejea, na aliyeusiwa hana chake. Kuuza na kutoa zawadi havihitaji hata maelezo.

Mtu angeweza kuipita orodha hiyo haraka akidhani ni mambo ya jikoni. Asome tena. Kila kitendo kilichomo ni cha siku ya kawaida. Hakuna aliyegombana na mtu, hakuna aliyeapa, na mara nyingi hakuna hata aliyekumbuka wosia. Ami amemuusia mpwa wake jora la kitambaa kizuri kilichotoka Oman. Idi inakaribia, ami anaangalia kanzu yake, anaona kola imechakaa, anampelekea fundi lile jora. Mkasi unapopita tu, mpwa ameondoka katika wosia. Kwa istilahi za wosialojia, fundi cherehani ni shahidi asiyejijua. Na katika zama zetu nafasi ya mkasi imechukuliwa na tripu ya mchanga. Mzee amemuusia mpwa kiwanja kitupu pembeni ya barabara. Barabara imewekwa lami. Mzee anaona ni busara kujenga fremu tatu za maduka. Msingi unachimbwa. Mpwa, asiyejua lolote, anakuja kumsaidia baba mdogo kubeba matofali.

Hapa pana swali ambalo wanafunzi wa fani hii wataligombania: je, kitendo kile kilifuta nia, au kilionyesha tu kwamba nia haikuwapo siku nyingi? Mwandishi anaelekea upande wa pili. Mtu anayempenda mpwa wake hukumbuka jora ni la nani kabla ya kulipeleka kwa fundi. Mkono ulichofanya ni kutangaza habari zilizokuwa moyoni, na moyo wenyewe haukuulizwa.

Jamaa wa karibu wa Wosia Kitendo ni Wosia Majivu, uliochanwa, uliochomwa au uliotupwa chooni. Huu hauna mengi. Sheria ya Kenya inaukubali kama njia halali ya kufuta, kwa masharti mawili: uharibifu ufanywe na mwosia mwenyewe au mtu aliyemwagiza, na uwe na nia ya kufuta. Kwa hiyo mchwa hawafuti wosia, hata wakiumaliza. Hawana nia, na hawakuagizwa. Panya vilevile. Binti mkubwa aliyeukuta wosia chini ya godoro siku tatu baada ya mazishi na akaona jiko la mkaa liko karibu, huyo nia anayo tele, ila si yake iliyotakiwa. Kilichoivuruga kabisa elimu ya Wosia Majivu ni mashine ya fotokopi. Siku hizi mwosia anachoma karatasi moja kwa ghadhabu kubwa, akiwa amesahau kwamba nakala moja iko kwa paroko, nyingine kwa mjumbe wa nyumba kumi, na nyingine imepigwa picha kwa simu ya mtoto wa kaka.

Wosia Pete hubadilika pasipo mwosia kugusa kalamu wala kiberiti. Nchini Kenya, mtu aliyeandika wosia kisha akaoa au akaolewa, wosia wake umefutika kwa ndoa hiyo, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyohiyo na mtu huyohuyo. Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Tanzania bado inaitumia kwa baadhi ya watu, ina kanuni ya namna hiyo. Wazee wengi wanaofunga ndoa ya pili wakiwa na miaka sitini na tano hawajui kwamba mchungaji, alipokuwa anawatangaza mume na mke, alikuwa anachana karatasi iliyoko kabatini. Watoto wa ndoa ya kwanza ndio wanaojua. Watazame sura zao kwenye picha za harusi.

Tumefika kwenye aina iliyo nyingi kuliko zote, na ambayo bila shaka ndiyo chimbuko la taaluma hii: Wosia Kisirani.

Wosia Kisirani una msimu. Huanza kuonekana wiki moja kabla ya Krismasi au Idi, wazazi wanapohesabu nani anakuja na nani ametuma ujumbe kwamba kazi imembana. Hufikia kilele siku ya pili ya sikukuu, wageni wanapokuwa wameondoka na mzee amebaki na mfupa wa mbuzi na mawazo. Huanza kupungua Januari, ada za shule zinapowakumbusha watoto kwamba wana baba. Mabadilishano yanayotangulia badiliko la aina hii yanafahamika kote nchini:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe mko hai."

Baada ya salamu hiyo jina husogea. Anayelikosa shamba si lazima awe amekosa. Mara nyingi amefanya kosa la kuishi mbali, na anayelipata amefanya jema la kuishi jirani. Tumelichunguza jambo hili kwa muda na tunaweza kulitamka kama kanuni: katika Wosia Kisirani, mali humwelekea aliyeleta dawa mara ya mwisho. Anayejenga nyumba ya mzee kwa pesa za kutuma kutoka Mwanza au Muscat hushindwa na aliyemshika mkono kwenda kupima presha. Wataalamu wa uchumi watasema si haki. Ila presha haipimwi kwa kutumiwa pesa.

Hapa ndipo mtu anapoweza kuisoma sheria ya mila ya 1963 kwa jicho jipya. Mwosia hawezi kumnyima mrithi kwa sababu tu jina lake limemchefua. Anatakiwa ataje sababu, na sababu zenyewe ni nzito: kwamba mrithi amezini na mke wa mwosia, amejaribu kumuua au amemshambulia, au amemtelekeza katika njaa na ugonjwa pasipo udhuru wa haki. Zaidi ya hayo, mrithi anayekusudiwa kunyimwa anapaswa kupewa nafasi ya kujitetea, mbele ya mwosia mwenyewe au mbele ya baraza la ukoo. Mwandishi haoni haya kusema kwamba hicho ndicho kifungu chenye busara kuliko vyote katika somo hili. Kinamlazimisha mzee aliyekasirika kukaa na mtu aliyemkasirisha, kwenye chumba kimoja, wazee wengine wakisikiliza. Wosia Kisirani mwingi haustahimili kikao hicho. Mzee anafika na mashtaka ya kutelekezwa. Kijana anatoa risiti za hospitali. Shangazi anakumbusha kwamba hata mzee mwenyewe hakuwahi kufika kumwona baba yake alipougua kule Korogwe. Na mjadala unahamia kwenye chakula.

Kwa Waislamu tatizo limepigwa mpaka kwa njia nyingine. Warithi wa fungu hawanyimwi kwa wosia, na mrithi haongezewi kwa wosia pasipo ridhaa ya wenzake baada ya kifo. Kwa hiyo baba Mwislamu mwenye hasira ana theluthi tu ya kukasirikia. Anaweza kuihamisha kutoka kwa rafiki kwenda msikitini, kutoka msikitini kwenda kwa yaya aliyewalea watoto, lakini mwanawe asiyepiga simu atapata fungu lake palepale kama aliyepiga.

Kinyume cha Kisirani ni Wosia Mgando, ambao ulipaswa kubadilishwa na haukubadilishwa. Baadhi ya wasomi wangesema hauna haki ya kuwemo katika ainisho la mabadiliko. Tunawajibu kwamba daktari wa moyo huchunguza pia moyo uliosimama.

Kielelezo chake tunacho kutoka Roma, na Watanzania hawana kisingizio cha kutokifahamu, kwani Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mauaji ya Julius Caesar na kuichapisha mwaka 1963, kisha akairekebisha ikatoka upya kama Juliasi Kaizari mwaka 1969. Mle jukwaani wosia wa marehemu unatikiswa mbele ya umati mpaka mji unawaka. Ila mwanahistoria Suetonius anasimulia yale ambayo jukwaa halikuyagusa. Tangu ukonsuli wake wa kwanza, mwaka 59 KK, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Caesar alikuwa akimwandika Pompeius kuwa mrithi wake, na aliwahi kuwasomea wanajeshi jambo hilo. Pompeius alikuwa mkwewe. Vita vilipoanza, Pompeius akaondolewa: Kisirani safi, chenye majeshi. Wosia wa mwisho aliuandika Septemba mwaka 45 KK, akauweka kwa kuhani mkuu wa mabikira wa Vesta. Robo tatu za mali zilikwenda kwa Octavius, mjukuu wa dada yake. Wananchi waliachiwa bustani na sesta 300 kila mmoja. Na katika orodha ya warithi wa akiba alimwandika Decimus Brutus, na miongoni mwa walezi wa mtoto ambaye huenda angezaliwa aliwaandika watu kadhaa wengine. Tarehe 15 Machi 44 KK Decimus alikwenda nyumbani kwake kumshawishi asikose kikao cha Seneti. Walezi nao walikuwa wanangoja huko, na majambia.

Mtu aliyemfuta mkwe wake kwa haraka namna ile hakuona sababu ya kuwafuta waliokuwa wanamchekea. Sababu ni kwamba hawakuwa wamemkosea bado. Wosia Mgando wa siku hizi hauna majambia, lakini umejengwa hivyohivyo. Ndani yake kuna kiwanja cha Mbagala alichopewa kitinda mimba, ambacho kiliuzwa zamani kulipia karo ya kitinda mimba huyohuyo, kwa hiyo amekirithi na kukisomea kwa pamoja. Kuna redio ya mbao. Kuna msimamizi wa mirathi aliyefariki kabla ya mwosia na ambaye mwosia mwenyewe alichangia jeneza lake. Na kuna kundi dogo ambalo wenyewe hawajui kwamba ni waosia: wale waliojaza fomu ya chama cha akiba na mikopo wakiwa vijana, wakaandika kwenye nafasi ya mrithi jina la mchumba wa wakati ule. Mchumba aliolewa Dodoma. Fomu iko palepale.

Wanaoshauri watu kuhusu mambo haya husema wosia upelekwe mahali pa kuaminika, na kwa Tanzania Bara mahali hapo pa serikali ni RITA, chini ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambako mwosia anaweza kuuhifadhi na kurudi kuubadilisha akipenda. Ushauri ni mzuri, na mwandishi anauunga mkono. Lakini kuna kitendawili kinachotokana na masharti ya mashahidi ambacho maandishi ya kisheria hayakigusi. Kwa sheria ya mila, kila badiliko la maandishi linataka ashuhudie angalau mtu mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Mwosia akiwa hajui kusoma na kuandika, wawili na wawili. Na mke aliyepo nyumbani ashuhudie pia. Mtu wa ukoo, kwa maumbile yake, ana mke, ana simu, na ana kundi la WhatsApp la ukoo. Badiliko la siri linaloshuhudiwa na ukoo linakuwa siri kwa muda wa kutoka kibarazani mpaka kituo cha basi.

Wazee wanalijua hilo kuliko mawakili, na ndilo linalotufikisha kwenye aina ya mwisho, iliyogunduliwa karibuni na ambayo bado inazua utata: Wosia Hewa. Kama mtumishi hewa, una cheo na athari, na mwili hauna. Mzee anakohoa mara mbili, anasubiri wakwe wawepo, kisha anasema, akiangalia dirishani, kwamba ile karatasi ameshaibadilisha. Haendelei. Akiulizwa amebadilisha nini anasema mtaona wakati ukifika. Hakuna shahidi aliyeitwa, hakuna wino uliotumika, na katika visa tulivyovifuatilia kwa karibu hakuna hata karatasi ya kwanza. Hata hivyo ndiyo aina pekee katika ainisho hili ambayo matokeo yake huonekana mwosia akiwa hai na akiyafaidi. Sampuli yake haijapatikana RITA, benki, parokiani wala chini ya godoro lolote, ingawa warithi wake wameshaanza kuleta kuku.